Uso Ng'ambo ya Barabara

Watu walimwita Jicho, na wala si kwa ukubwa wa macho yake. Alikuwa na mazoea ya kufumba jicho la kushoto kila anapomtazama mtu, hata kama hana kamera mkononi, na wasiomjua walidhani anawakonyeza. Jirani mmoja alianza kumwita hivyo kwa utani, jina likamganda, mpaka shangazi aliyemlea yeye na mdogo wake naye akalizoea.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za shughuli: mikutano, mahafali, michezo ya shule. Nyuso za karibu alizikwepa. Uso wa mwisho alioupiga kwa karibu ulikuwa wa mdogo wake, asubuhi ile alipofika mlangoni peku, jicho moja limevimba na kuziba, alama za vidole zikiwa bado mbichi shingoni. Jicho alimkalisha karibu na dirisha akampiga picha upande huu na upande ule, huku mwenyewe analia na kamera inalowa. Picha hizo ndizo zilizozungumza mahakamani. Mume wa mdogo wake akafungwa. Siku ya hukumu, alipopitishwa kati ya askari wawili, mtu huyo alisimama kidogo mbele ya Jicho akatabasamu, kama mtu anayeaga baada ya chakula.

"Shemeji," alimwambia kwa upole, "kifungo kina mwisho."

Tangu hapo mdogo wake alihamia kwa shangazi, upande mwingine wa mji. Alikata nywele zote akabaki na kichwa kama cha mvulana, akapata kazi kwenye duka la mikate. Taratibu kicheko kikaanza kumrudia. Yeye ndiye aliyemsukuma Jicho akodi chumba cha studio.

"Dada, watu wanataka kuona nyuso zao," alimwambia. "Nani atatundika ukutani picha ya kisogo chake akiwa mkutanoni?"

Chumba kilipatikana, wateja wakaanza kuja mmoja mmoja, na hapo tatizo likajitokeza. Lenzi pekee aliyokuwa nayo Jicho ilikuwa ile pana ya kuchukua umati. Ukimsogelea mtu nayo, pua inatangulia na masikio yanabaki nyuma. Mwalimu mkuu mmoja aliitazama picha yake kwa muda mrefu, akauliza kwa heshima zote, "Samahani binti, huyu ni mimi au ni kiboko?" Hapo Jicho akakubali kwamba bila lenzi ya nyuso, studio ingekuwa kichekesho cha mtaa.

Walipanga wakutane kwenye duka la Mama Vioo, mwanamke aliyeuza lenzi zilizotumika. Jicho angetangulia, na mdogo wake angemfuata akitoka kazini, ili lenzi zijaribiwe kwenye uso wa mtu wa nyumbani, asiyekasirika akiambiwa ageuke mara kumi.

Asubuhi ya siku hiyo Jicho alikuta mlango wa studio umerudishiwa tu, haukufungwa kwa ufunguo. Alijilaumu kwa usahaulifu. Akatazama huku na huku: kiti kipo, taa zipo, pazia la nyuma lipo. Hakuona kilichopungua, akachukua kamera yake na kuondoka.

Duka la Mama Vioo lilikuwa ghorofani, ukuta kwa ukuta na chumba cha mafundi cherehani, na mlio wa mashine zao ulisikika siku nzima kama mvua ya mbali. Mwenyewe alikuwa mnene, mcheshi, na miwani yake aliivalia kwenye paji la uso.

"Chumba chako kikoje?" aliuliza, kabla hata ya kuuliza mteja anataka nini.

"Kidogo, mama. Mteja akikaa na mimi nikisimama, wa tatu lazima asubiri nje."

"Basi sikiliza, mwanangu." Akapanga lenzi tatu juu ya kitambaa. "Hii ni ya milimita hamsini. Nyepesi, haina maringo. Lakini ukitaka uso ujae kwenye picha, itabidi umsogelee mtu mpaka ujue amekula nini. Hii ni themanini na tano, kipenzi cha wapiga nyuso. Unasimama kwa adabu, na pua ya mtu inakaa pale Mungu alipoiweka. Na hii ndefu ni mia na thelathini na tano. Hii mimi naiita ya waoga. Unakaa mbali huko, mtu hajui hata kama umemchukua."

"Basi nipe ya waoga kwanza," alisema Jicho, na wote wawili wakacheka.

Alisimama dirishani akaielekeza chini barabarani. Ilikuwa lenzi nzuri kweli. Mchukuzi wa mizigo aliyekuwa mbali akaja karibu kama amealikwa, na jasho lake likaonekana tone kwa tone. Nyuma yake kila kitu kiliyeyuka kikawa rangi laini tupu. Mwanamke alikuwa akibishana na muuza viatu. Jicho aliona mpaka pengo la meno yake. Akahamia ng'ambo ya barabara. Nje ya duka la dawa, fundi simu alikuwa amekaa chini ya mwavuli na meza yake ya vyuma vidogo. Mtu mmoja mwenye kofia ya kijivu alikuwa amemwinamia, akimwonyesha kitu. Fundi simu alitikisa kichwa. Yule mtu akashukuru, akanyooka, akageuka.

Jicho alifanya kama afanyavyo kila mpiga picha wa nyuso: alilenga jicho la mtu kwanza. Likatulia katikati ya kioo, safi, jeusi, lisilopepesa. Alilijua. Akasogeza kamera kidogo tu, aone sikio la kulia. Ncha ya chini haikuwepo. Usiku ule mdogo wake alipokabwa, meno ndiyo yalimwokoa.

Kidole chake kilibonyeza chenyewe. Kamera ikalia kwa sauti ndogo, na katika masikio ya Jicho mlio ule ulikuwa kama sahani iliyoanguka. Pale chini, yule mtu akainua uso akaanza kuzitazama ghorofa, dirisha moja baada ya jingine.

Jicho akachuchumaa nyuma ya ukuta.

"Umeona jini?" aliuliza Mama Vioo.

"Mama, njoo taratibu. Usisimame katikati. Kuna mtu pale kwenye duka la dawa, ana kofia ya kijivu. Ni shemeji yangu."

"Sasa shemeji ndiyo unajificha nyuma ya ukuta?"

Jicho akamweleza kwa maneno ya kukatika katika. Mama Vioo alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso akaivaa machoni, na utani wote ukamtoka.

"Lakini umesema alifungwa. Huenda ni mtu anayefanana naye. Duniani wawili wawili."

"Sura huweza kufanana, mama. Sikio lililong'atwa halina mfano."

Alifungua picha ile kwenye kamera akaivuta ikawa kubwa. Alitaka kuona ni nini yule mtu alichokuwa anakionyesha. Mkononi mwake kulikuwa na karatasi ndogo yenye picha nne za pasipoti ambazo hazijakatwa. Alipoivuta tena, nyuso nne za mdogo wake zikamtazama, nywele fupi kama za mvulana.

Picha ile Jicho aliipiga mwenyewe wiki iliyopita. Aliiacha juu ya meza, studio. Kumbe mlango hakuusahau. Shemeji alikuwa ameingia mle ndani, akasimama mezani pake, labda akakaa kwenye kiti cha wateja, akachagua alichokitaka na kutoka. Mke aliyemwacha alikuwa na nywele ndefu. Sasa alijua uso mpya anaoutafuta, na huenda alikuwa amemfuata Jicho kutoka studio mpaka barabara hii.

Na mdogo wake alikuwa njiani anakuja hapa hapa.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata. Mdogo wake alikuwa na tabia ya kuitumbukiza simu ndani kabisa ya mkoba, chini ya mikate ya kupelekwa nyumbani, na barabarani kelele zilikuwa nyingi. Mama Vioo naye alikuwa anapigia polisi kwa simu yake, akieleza jengo, barabara, kofia.

"Wanasemaje?"

"Wanakuja."

"Lini?"

"Mwanangu, wamesema wanakuja. Sikuambiwa zaidi ya hapo."

Jicho akarudi kwenye ukingo wa dirisha, nusu ya uso nje. Akainua lenzi ndefu, akaanza kuupekua umati. Ilikuwa kama kutafuta mtu kwa kuchungulia kwenye mrija: uso mmoja, si yeye, mwingine, si yeye, bega, kikapu, kichwa cha mtoto. Akaishusha, akayafumbua macho yote mawili, akatazama barabara nzima kama ilivyo. Hapo ndipo alipoliona gauni la njano, mbali, karibu na kona ya benki. Akainua tena kamera ahakikishe. Ndiye. Alikuwa anatembea polepole na mkoba begani, midomo inachezacheza, kama anaimba peke yake.

Kati ya gauni la njano na mlango wa jengo alisimama mtu wa kofia ya kijivu.

"Kuna mlango wa nyuma," alinong'ona Mama Vioo. "Unapitia kwa mafundi. Utoke, uzunguke, umkute kabla yake."

"Kuzunguka ni mbali. Atakuwa ameshafika."

Kwa muda ambao haukuwa mrefu, ingawa yeye aliuona kama mchana mzima, Jicho alibaki pale na lenzi ile mkononi. Angeweza kukaa palepale. Kutoka hapo juu angepata picha ya kila kitu, safi, bila kutikisika: mtu anavyomkaribia mkewe, mkono unavyoinuka, uso unavyobadilika. Mahakama ingeipenda. Lakini picha za namna hiyo alikuwa nazo tayari, na alijua zimegharimu nini.

"Nashuka," alisema.

"Basi shuka na kamera," alisema Mama Vioo. "Mtu akiinua kamera barabarani, hata vipofu wanageuka. Yule hataki kuonekana." Mikono yake ilikuwa imeshaifungua lenzi ndefu na kuifunga nyingine. "Chukua hamsini. Ile ndefu ukiwa karibu haioni kitu. Nenda, mimi naita mafundi."

Ngazi zilikuwa chache. Jicho alishuka ameshika ukuta kama mgonjwa. Chini jua lilimpiga usoni. Ng'ambo, shemeji alikuwa ameegemea ukuta wa duka la dawa. Kisha Jicho akamwona akiacha kuegemea. Alikuwa ametazama upande wa benki. Akazikunja zile picha, akazitia mfukoni, akaanza kutembea bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuona alichokijia.

"Shemeji!" alipiga kelele Jicho.

Nusu ya wanaume waliokuwa barabarani waligeuka, maana kila mwanamume ni shemeji wa mtu. Mtu wa kofia ya kijivu alisimama. Akageuka wa mwisho. Alipomwona, alitabasamu tabasamu lile lile.

"Ah, shemeji. Na wewe nilikuwa nakutafuta."

"Najua. Umeingia kwangu."

"Mlango wako ni dhaifu. Mwambie fundi akuwekee mwingine." Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, na haukutoka.

Jicho alivuka barabara. Baadaye hakukumbuka kuvuka. Alikumbuka tu kwamba honi zilipigwa. Aliinua kamera. Kwenye kioo shemeji alionekana mzima, na ukuta na mwavuli, mdogo kabisa. Kwa lenzi ile ilibidi asogee. Akasogea hatua. Akasogea nyingine. Uso ukaanza kujaa, na harufu ya sabuni ya mtu aliyeoga vizuri ikamfikia. Akabonyeza.

"Shusha hiyo," alisema shemeji, bila kuinua sauti.

"Inua kidevu kidogo," alisema Jicho kwa sauti kubwa, ile ya kuwapangia watu kwenye mahafali, ila sasa ilikuwa inatetemeka. "Tazama hapa. Jamani, mtazameni huyu! Mtazameni sana uso wake!"

Akabonyeza tena, na tena. Watu wakaanza kusimama. Mchukuzi akatua mzigo. Muuza viatu na yule mwanamke waliacha ugomvi wao njiani. Shemeji alitazama kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza tabasamu lilimwishia. Alinyoosha mkono wa kushoto akaukamata mkanda wa kamera uliokuwa shingoni mwa Jicho, akauzungusha mara moja kwenye ngumi yake, akavuta.

Hewa ikakatika. Jicho aliona kofia, akaona anga, akaona vidole vile. Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa, aliwaza. Maneno yote yale mahakamani, na sikuwa nimejua. Masikioni mwake damu ilipiga ngoma, na nyuma ya ngoma alisikia mtu anapiga ukelele.

Alikuwa mdogo wake. Mara nyingi walikuwa wameambiana kwamba akimwona mtu yule popote, akimbie, asitazame nyuma. Hakukimbia. Alikuwa amesimama katikati ya barabara na magari yamefunga breki kila upande, mikate imemwagika miguuni pake, anapiga ukelele mmoja mrefu usio na neno ndani yake. Kisha neno likapatikana.

"Mwache dada yangu!"

Fundi simu alimtazama yule msichana, akamtazama yule mwanamume, akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Ndiye huyu!" alisema. "Ndiye aliyenionyesha picha yake sasa hivi! Ameniambia ni mkewe, ana maradhi ya akili, amepotea!"

Hapo watu wakaelewa. Mchukuzi ndiye aliyefika wa kwanza, na mafundi cherehani nao walikuwa wanamiminika kutoka mlangoni na rula zao ndefu za mbao, Mama Vioo mbele yao, miwani imerudi kwenye paji la uso. Mkanda ukalegea. Jicho alianguka kwa magoti. Shemeji alitoa mkono wa kulia mfukoni ajisukumie njia, na kitu kikadondoka kwenye lami kikalia. Kilikuwa kisu cha kukunja. Fundi simu alikikanyaga kwa kiatu chake akabaki amekikanyaga hivyo hivyo, mpaka polisi walipokuja.

Hawakumkamata siku ile. Alipita katikati ya magari yaliyosimama, akaruka ukuta wa karakana, akapotea. Polisi walipofika, Jicho hakuweza kutoa sauti. Aliwapa kamera tu. Uso wa shemeji ulikuwa humo, umejaa pembe hadi pembe, kila kinyweleo mahali pake, na ngumi yake ikionekana chini ya kidevu.

Dada wale wawili walilala kwa Mama Vioo. Kulala ni neno tu. Kila ubao ulipolia sakafuni walishikana mikono. Mdogo wake alitaka kurudi kwa shangazi, akihofia yule mtu atakwenda huko. Jicho alimtuma mchukuzi na mafundi wawili wakamlete shangazi, na bibi huyo akaja analalamika kwamba ameacha maharage jikoni, mpaka alipoiona shingo ya Jicho. Akakaa kitandani kati yao, maharage akayasahau.

Picha ndiyo iliyomnasa. Ilisambazwa kwa simu, ikafika kwa mwenye nyumba ya wageni nje ya mji, naye akatazama simu, akamtazama mgeni wake akinywa chai, akaenda kuita askari. Ndipo walipojua kwamba alikuwa amepunguziwa kifungo kwa tabia njema, akatolewa kwa sharti asiwakaribie. Sharti hilo yeye aliambiwa. Wao hawakuambiwa kama ametoka. Ofisa aliyewaeleza hayo alikuwa kijana mpole, akaomba radhi kama mtu aliyemwagia mgeni maji. Shangazi alimjibu, "Mwanangu, pole haifungi mlango."

Alirudishwa gerezani, safari hii kwa kesi ya kisu na ya shingo ya Jicho.

Jicho alipopona sauti alirudi dukani kurudisha ile hamsini, maana alikuwa ameondoka nayo bila hata kuulizia bei. Mama Vioo alimwambia aendelee nayo. Alikataa. Alisema kila akiitazama anasikia harufu ya sabuni. Alichukua themanini na tano, kwa sababu ndiyo ilitosha kwenye chumba kipya alichokodi juu ya duka la vitabu, chenye majirani pande zote. Wateja walimfuata huko. Yule mwalimu mkuu naye alirudi, akapigwa tena, akaridhika, akaagiza picha kubwa ya sebuleni.

Hofu haikuondoka pamoja na yule mtu. Akiingia mteja mwenye kofia, Jicho huomba dakika, hujifanya anatafuta kitambaa, huku akilichungulia sikio lake la kulia. Mdogo wake amekataa kusindikizwa kazini. "Nikisindikizwa leo, nitasindikizwa mpaka uzeeni," alisema. Basi kila asubuhi anakwenda peke yake, kwa miguu, na akifika anapiga simu na kusema neno moja, "Nimefika," kisha anakata. Wateja wa mapema wanashangaa mpiga picha gani huyu, ameshapanga taa, ameshalenga, halafu anasimama tu, ametega sikio upande wa meza ilipo simu.